Maswali ninayoulizwa sana kuhusu kazi ya kuchunguza volkano

Kila nikisema kazi yangu ni kuchunguza volkano yanakuja maswali yale yale, sasa nimeamua niyajibu yote sehemu moja maana kumjibu mmoja mmoja nimechoka aisee. Sijayapanga vizuri, mengine nimejibu kwa kirefu mengine mistari miwili, mtanisamehe.

Hivi kazi yenyewe ni nini hasa?

Ni jiolojia, ila umeamua kukaa na milima inayotema moto. Humo ndani tumegawanyika, kuna wanaosikiliza mitetemo, kuna watu wa gesi, watu wa mawe, watu wa setilaiti, na wengine kazi yao ni kompyuta tu, wanapiga hesabu majivu yataangukia wapi upepo ukivuma hivi au vile. Mimi ni wa mawe, na gesi kidogo. Wote tunahangaika na swali moja, huko chini kunaendelea nini na kikitoka kitamfikia nani. Watu wanaipenda nusu ya kwanza ya hilo swali, ila inayotunyima usingizi ni ile ya pili.

Kwa hiyo kila siku uko pembeni ya lava?

Hapana jamani, picha zimewadanganya. Mwaka mzima naweza kuwa fildi wiki chache, muda uliobaki niko maabara nasaga mawe au niko mbele ya kompyuta naandika ripoti na kuomba pesa za utafiti, na hiyo ya kuomba pesa hakuna anayekuambia ukiwa chuo ila ni kazi kamili ndani ya kazi. Hata fildi kwenyewe mara nyingi hamna lava yoyote, unakwangua ukingo wa korongo unahesabu matabaka ya majivu, hili jeupe la mlipuko mmoja, hili jeusi la mwingine, katikati yake udongo wenye alama za mizizi maana yake mlima ulilala muda mrefu mpaka mimea ikaota ikakua. Korongo moja ukilisoma vizuri unaijua tabia ya mlima kwa maelfu ya miaka. Mimi hizo siku nazipenda kuliko siku za lava, najua wachache mtaniamini.

Nisome nini ili niwe mtaalamu wa volkano?

Sekondari shikilia fizikia, kemia, hesabu na jiografia. Chuo soma jiolojia au jiofizikia, usihangaike kutafuta digrii yenye jina la volkano, kozi za hivyo ni chache sana duniani na wengi wetu hatukupitia huko. Digrii ya kwanza miaka 3 au 4, alafu uzamili, na kama unataka kuongoza utafiti mwenyewe itabidi ufike uzamivu, ukijumlisha yote ni miaka kama 8 hadi 10 hivi. Sio lazima wote wafike huko lakini. Vituo vya uangalizi vinahitaji mafundi wa vifaa, watu wa redio na mawasiliano, watu wa data, na fundi mzuri anayeweza kufufua kituo kilichokufa juu ya mlima kwenye mvua ana thamani kuliko madokta watatu wanaobishana chini.

Jifunze kuprogramu mapema. Na jifunze kuandika, namaanisha kuandika sentensi ambayo mkuu wa wilaya ataielewa saa nane usiku ukimpigia simu na kumsomea.

Hesabu zinanipiga chenga, niache?

Usiache. Zilinipiga hata mimi. Inategemea tawi, ukienda kwenye mitetemo na modeli huwezi kuzikwepa, kwenye mawe unaponea ponea.

Mnapimaje mlima?

Hapa nitaongea sana maana ndo penyewe. Mlima unaojiandaa kulipuka kwa kawaida unafanya vitu vitatu, unatetemeka, unavimba, na unapumua tofauti.

Kutetemeka ni kwa sababu magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, ikipanda inavunja miamba ili ipate njia, kila mpasuko ni katetemeko kadogo, mengi huwezi kuyasikia kwa miguu ila sismomita, kifaa cha kupima mitetemo, inayashika. Alafu kuna mitetemo mingine ya taratibu, ya masafa ya chini, ambayo inatokana na gesi na maji moto yakisukumana kwenye nyufa, hiyo ndo inayofanya watu wa zamu waweke kikombe chini na kusogeza kiti. Kuvimba tunapima kwa GPS zilizofungwa kwenye mwamba na kwa rada za setilaiti, setilaiti inapita juu mara ya kwanza, inarudi siku kadhaa baadaye, unalinganisha picha mbili unaona ardhi imepanda sentimita ngapi, na wewe umekaa zako ofisini. Kupumua ni gesi, hasa salfa dayoksaidi na kaboni dayoksaidi, tunapima kwa vifaa vinavyoangalia jinsi moshi unavyonyonya mwanga wa jua, na siku hizi tunatuma droni ndani ya moshi, kitu ambacho zamani alikuwa anaingia mtu.

Watu wanadhani gesi ikipungua ndo salama. Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 gesi ya salfa ilipanda kutoka tani kama 500 kwa siku katikati ya Mei hadi zaidi ya tani 5,000 mwishoni mwa mwezi, alafu ikashuka ghafla. Waliokuwepo walijiuliza, mlima umetulia au njia imeziba? Ilikuwa imeziba, na presha ikawa inajijaza chini ya kizibo.

Ndo maana kipimo kimoja peke yake hakikuambii kitu, unavisoma vyote kwa pamoja, na unavilinganisha na mlima huo huo ulivyokuwa ukiwa mzima. Kama hukuwa na vifaa pale wakati mlima umelala, siku ukiamka hujui kawaida yake ni ipi. Jaribu sasa kumshawishi mtu wa bajeti anunue vifaa vya mlima ambao babu yake hakuwahi kuuona ukitoa hata moshi.

Lava mnaichotaje?

Kwa nyundo, sitanii. Unaenda upepo ukiwa mgongoni, joto linakupiga usoni kabla hujafika, unainua mkono kujikinga uso na unaingia ubavu ubavu sio kifua mbele. Lava ya basalti iko nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, juu inafanya ngozi nyeusi inayopasuka pasuka kwa mlio mwembamba kama vioo vinavunjika, ukiichoma kwa ncha ya nyundo ndani yake ni rangi ya chungwa na inavutika kama asali nzito. Unapindua mkono upate donge, unageuka haraka unalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, linalia shiii na maji yanatokota, na ukilitoa limekuwa kioo cheusi. Maji sio ya kupoza mkono wako, ni ili lava igande papo hapo, maana ikipoa taratibu fuwele zinaendelea kukua na utakuwa umepoteza ile hali iliyokuwa nayo ikitoka ardhini.

Baadaye maabara jiwe linakatwa na kusagwa mpaka libaki unene wa milimita 0.03, mwanga unapita, unaliweka kwenye hadubini. Fuwele zina miduara kama ya mti uliokatwa, ukiisoma unajua magma ilikaa chini muda gani na lini magma mpya yenye joto zaidi iliingia ikaisumbua. Kuna milima ambayo ukisoma fuwele zake unakuta kati ya kusumbuliwa na kulipuka zilipita wiki chache tu.

Mnavaa yale mavazi ya fedha ya kung'aa?

Karibu hakuna anayevaa siku hizi, ni mazito na huwezi kukimbia nayo. Buti ngumu, helmeti, barakoa ya gesi, glavu, na nguo za pamba au kitambaa kisichoshika moto. Zile za plastiki plastiki usijaribu, zinayeyukia kwenye ngozi.

Mnaweza kutabiri siku na saa?

Siku na saa hapana. Tunachoweza kusema ni kwamba uwezekano umepanda, na hapo ndo ugomvi unapoanzia, maana mtu wa serikali anataka ndiyo au hapana na wewe una "labda" yenye namba.

Rudi Pinatubo. Mlima ulikuwa umelala kama miaka 500, ukaanza kutoa mvuke mwezi Aprili 1991, wataalamu wa Ufilipino na wa Marekani wakaweka vifaa haraka haraka, wakachora ramani ya hatari, wakapandisha ngazi za tahadhari moja baada ya nyingine, makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa, na tarehe 15 Juni mlima ukalipuka vibaya, moja ya milipuko mikubwa zaidi ya karne ya 20. Siku hiyo hiyo kikapita kimbunga, majivu yakalowa yakawa mazito kama zege, na wengi kati ya waliokufa waliangukiwa na mapaa. Bila kuhamisha watu ingekuwa habari nyingine kabisa.

Sasa weka pembeni yake Nevado del Ruiz ya Kolombia. Ramani ya hatari ilitoka Oktoba 1985, inaonyesha kabisa kwamba tope litapita wapi. Tarehe 13 Novemba usiku mlima ukalipuka, hata haukuwa mlipuko mkubwa, ila uliyeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, maji yakachanganyika na majivu na mawe yakashuka mabondeni, hiyo ndo tunaiita lahari. Ilichukua zaidi ya saa mbili kufika mji wa Armero. Zaidi ya saa mbili! Mtu mwenye afya anatembea kwenda sehemu ya mwinuko na kukaa kabisa akapumzika. Watu zaidi ya 23,000 walikufa, wengi wao hapo Armero. Sayansi ilikuwepo, ramani ilikuwepo, amri ya kuondoka ndo haikuwafikia watu. Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha timu ya kwenda kusaidia nchi nyingine mlima ukianza vurugu, na timu hiyo ndo ilikuja kuwepo Pinatubo.

Na kuna upande wa pili ambao hatupendi kuusimulia. Mwaka 1976 kisiwa cha Guadeloupe, mlima La Soufrière ulianza kufoka mvuke na majivu, watu kama 70,000 wakahamishwa wakakaa nje miezi, wataalamu wakagombana hadharani, Haroun Tazieff akisema hamna mlipuko mkubwa unaokuja, Claude Allègre akiwa upande wa waliotaka watu waondoke, na mwisho magma haikutoka. Mpaka leo watu wanabishana nani alikuwa sahihi. Mimi sijui kama "sahihi" ndo neno, maana aliyebahatisha na aliyejua matokeo yao yanafanana.

Alafu kuna milima ambayo haikupi hata nafasi ya kugombana. Nyiragongo, Mei 22, 2021, ardhi ilipasuka jioni na lava ikaanza kuteremka upande wa Goma bila dalili za wazi za siku nyingi kabla. Ukiwauliza wenzetu wa hapo kuhusu kutabiri watakujibu kwa upole sana.

Volkano iliyokufa inaweza kuamka?

Iliyokufa kweli hapana, shida ni kujua kama imekufa au imelala. Kulala miaka mia tano au elfu kwa mlima ni kawaida. Na nyingine zinaanza upya kabisa, Parícutin ya Meksiko ilianzia ndani ya shamba la mahindi Februari 1943, mwenye shamba akiwepo anaangalia ufa unatoa moshi.

Wataalamu wangapi wamekufa kazini?

Wengi kuliko tunavyopenda, na hadithi zao zimefungamana kwa namna ambayo hata sasa nikizipanga nashindwa kuendelea vizuri.

Mei 18, 1980, Mount St. Helens, Marekani. Ubavu wa kaskazini wa mlima ulikuwa umevimba kwa wiki kadhaa, karibu mita 2 kila siku. David Johnston, miaka 30, alikuwa zamu kwenye kituo kilichokuwa kama kilomita 10 kutoka kileleni, umbali uliodhaniwa unatosha. Asubuhi hiyo ubavu mzima ukaporomoka na mlipuko ukatoka kwa pembeni badala ya juu. Aliwahi kupiga kelele kwenye redio tu. Watu 57 walikufa siku hiyo. Zamu ile ilikuwa ya kijana mwingine, Harry Glicken, aliyekuwa ameondoka kwenda kuonana na profesa wake. Glicken akaja kuandika utafiti mzuri mno kuhusu lile poromoko. Juni 3, 1991 alikuwa Japani kwenye mlima Unzen pamoja na mume na mke kutoka Ufaransa, Maurice na Katia Krafft, waliotumia maisha yao kupiga picha volkano, wingu la moto likashuka likapita pale waliposimama, watu 43 walikufa wakiwemo wote watatu. Wingu la moto ndo huo mtiririko wa piroklastiki, gesi na majivu na mawe yenye joto la mamia ya nyuzi, yanashuka kwa kasi ya gari na zaidi, usifikirie kukimbia.

Kitu ninachokikumbuka kila nikisikia jina la Krafft ni kwamba video waliyoitengeneza ya kueleza hatari za volkano ilikuwa inaonyeshwa kwa watu wa Pinatubo siku zile zile, na wengi walikubali kuhama baada ya kuona kwa macho wingu la namna hiyo linafanya nini. Wao walikufa siku 12 kabla Pinatubo haijalipuka.

Alafu Galeras, Kolombia, Januari 14, 1993, wataalamu waliokuwa kwenye mkutano walishuka ndani ya kasoko, lile shimo la kileleni, kupima gesi, mlima ukalipuka, wakafa 9, wanasayansi 6 na watalii 3. Mwanajiolojia Marta Calvache na mwenzake walipanda kwenda kuwatoa majeruhi huku hawajui kama mlima umemaliza. Kwa hiyo ukiniuliza wanawake wapo kwenye hii kazi, jibu ndo hilo.

Kinachotisha zaidi ni lava?

Mara nyingi lava unaikwepa kwa miguu, nyumba na shamba ndo haviwezi kukwepa. Mimi naogopa gesi. Kaboni dayoksaidi haina rangi, haina harufu, nzito kuliko hewa, inajikusanya mabondeni asubuhi isiyo na upepo. Maeneo ya Goma wanaiita mazuku, na neno hilo sasa limeingia kwenye majarida ya sayansi duniani, wataalamu wa nchi za mbali wanaandika mazuku bila kutafsiri, mimi nikilikuta kwenye makala najisikia vizuri kijinga. Ukikuta ndege au mbuzi amelala shimoni hana jeraha, usishuke kumwangalia. Ziwa Nyos kule Kameruni, Agosti 21, 1986, gesi hiyo iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji ya chini ilitoka kwa mkupuo, watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja. Toka 2001 wameweka mabomba ya kuitoa taratibu.

Lava zote ni sawa?

Hapana, na ya ajabu kuliko zote iko Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Ina kaboneti badala ya silika, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu na inatiririka karibu kama maji, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa hiyo.

Kwa nini msiizuie tu?

Mlipuko hauzuiliki, sahau. Lava ya taratibu inawezekana kidogo, mwaka 1973 kisiwa cha Heimaey huko Iceland walipiga lava maji ya bahari kwa mapampu miezi kadhaa wakaokoa bandari yao.

Umewahi kuharibu kazi?

Mara nyingi. Kubwa ni siku niliyoamka alfajiri nikaona kwenye grafu mitetemo midogo midogo inayofuatana, nikapiga simu kwa bosi, tukaamshana wote, tukapanda gari. Tulipofika kituoni tukakuta ng'ombe wanajikuna kwenye uzio wa sismomita. Panya wametafuna nyaya, paneli za sola zimeibiwa, mara moja niliacha betri bila kukaza nati moja nikapoteza data ya miezi miwili na hiyo sijamsingizia panya. Toka siku ya ng'ombe kila nikifunga kituo kipya kitu cha kwanza nauliza wenyeji mifugo inapita wapi. Wanacheka, ila wananionyesha, na wakishakuonyesha njia ya ng'ombe wanaanza kukuonyesha na vingine, chemchemi iliyobadilika joto, mahali majani yamekauka bila sababu. Siku ya kuwaambia ondokeni wataangalia kwanza ni nani anayewaambia.

Familia inasemaje?

Wamezoea simu inayolia usiku. Hawajazoea mawe kwenye kila kabati.

Ajira zipo?

Chache, sitakudanganya. Idara za jiolojia za serikali, vituo vya uangalizi, vyuo, halafu jotoardhi ambayo kwa sasa inaajiri wengi kuliko volkano zenyewe, na wapo wanaofanya kazi kwenye vituo vya kuonya ndege kuhusu majivu, maana majivu yakiingia kwenye injini ya ndege yanayeyuka na kuganda mle ndani. Dunia ina volkano kama 1,350 zinazoweza kulipuka ukiacha za chini ya bahari, na nyingi hazina hata kifaa kimoja. Kazi ipo nyingi, mshahara ndo unatafutwa.

Harufu ya salfa inatoka kwenye nguo?

Za pamba zinatoka ukifua mara tatu. Begi halitoki. Langu nimelitumia miaka mingi tu na kila nikilifungua kwenye basi jirani anaanza kuangalia chini ya viti nani kaacha yai bovu, na mimi naangalia naye.